Kuongeza RAM kwenye kompyuta ndogo ya mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu zile kompyuta ndogo za mezani ambazo siku hizi zimejaa steshenari, ofisi za shule, maduka ya dawa na majumbani: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk na ProDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny, pamoja na ndugu zao wakubwa kidogo wa umbo la SFF (Small Form Factor, boksi jembamba). Nyingi huingia zikiwa zimeshatumika maofisini nje ya nchi, na huuzwa zikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, ya 4GB au 8GB. Kuifunga RAM yenyewe si kazi ngumu. Hela hupotea dukani, kwenye kununua isiyoingia.

Fundi, kompyuta yangu nzito sana. Nikiongeza RAM itapona?

Inategemea kinachoilemea. Kabla ya kwenda dukani, fungua vitu vyote unavyotumia siku ya kazi yenyewe: Chrome na tabo zako zote, Word, ile Excel ya mishahara, WhatsApp ya kwenye kompyuta. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka, nenda Performance, utazame Memory na Disk.

Memory ikikaa asilimia 85 au 90 na haishuki, RAM ndiyo inayokubana. Windows ikikosa nafasi kwenye RAM huhamishia mizigo kwenye diski, na diski, hata ikiwa SSD nzuri (diski ya chipu, isiyozunguka), haina kasi ya kushindana na RAM. Ndiyo maana unabofya kitu, kishale kinazunguka, na wewe unasubiri. Vyote viwili vikiwa juu, anza na RAM, maana mara nyingi uhaba wa RAM ndio unaoihangaisha diski.

Ila Memory ikiwa asilimia 50 na Disk iko 100 muda wote, achana na RAM kwanza. Kama bado una diski ya kuzunguka, weka SSD. Kwa wateja wenye bajeti ya kitu kimoja tu huwa sisiti kusema hivyo: mashine ya 8GB yenye SSD itakufurahisha kuliko ya 16GB yenye diski ya zamani inayochukua dakika kadhaa kuwaka kila asubuhi.

GB ngapi zinatosha?

Kwa kuchapa, kuprinti, intaneti na mifumo ya serikali ya kwenye mtandao, 8GB zinatosha kwa Windows 10 na zinabana kidogo kwa Windows 11. 16GB ndiyo saizi ninayoipendekeza kwa watu wengi, na hapo unaweza kukaa miaka bila kufikiria tena. 32GB ni kwa anayehariri video, anayetumia Photoshop na faili kubwa, au anayeendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta. Mhasibu wa duka moja hahitaji 32GB, hata kama muuzaji anasema "ukiweka hii umemaliza".

Nitajuaje aina ya RAM inayoingia kwenye mashine yangu?

Hapa ndipo pa kutulia, maana karibu kila RAM inayorudishwa dukani ilinunuliwa na mtu aliyeruka hatua hii.

Anza na umbo la boksi. Micro, Mini na Tiny ni zile za mraba wa takriban sentimita 18 kwa 18, unene kama sentimita 3 na nusu, zenye adapta ya nje kama ya laptopu. Hizi hutumia RAM fupi, SO-DIMM, yenye urefu wa karibu sentimita 7. SFF ni lile boksi jembamba lenye pawa saplai ndani na waya wa umeme unaochomekwa moja kwa moja. Kwa kawaida hilo hutumia RAM ndefu ya desktopu, DIMM, ya sentimita 13 na ushee. Kwa hiyo EliteDesk 800 G2 Mini na EliteDesk 800 G2 SFF zina jina linalokaribiana na prosesa za kizazi kimoja, lakini RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. Ukienda dukani ukasema tu "naomba RAM ya EliteDesk 800 G2", umempa muuzaji nusu ya habari.

Pili ni kizazi. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kidogo: pengo la katikati limekaa mahali tofauti na volti zake ni tofauti. Kwa RAM fupi, DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262. Usilazimishe. RAM ikigoma kukaa, si kwamba inahitaji nguvu zaidi, ni kwamba si yake.

Kwa mashine zinazoonekana sana mtaani: OptiPlex 3020 Micro, EliteDesk 800 G1 Mini na ThinkCentre M73 na M93p Tiny, zenye prosesa za Intel kizazi cha 4, hutumia DDR3, na mwisho wake ni 16GB, yaani 8 na 8. OptiPlex 7040 Micro, EliteDesk 800 G2 Mini na ThinkCentre M900 Tiny, za kizazi cha 6, hutumia DDR4, mwisho uliotangazwa ni 32GB. Kuanzia hapo kwenda OptiPlex 3050 na 7050 Micro, EliteDesk 800 G3 Mini, ThinkCentre M710q na M720q, zote ni DDR4.

Mitego ipo. OptiPlex 3040 Micro ina prosesa ya kizazi cha 6 kama ndugu yake 7040, lakini Dell waliiwekea DDR3L. Anayekisia kwa kizazi cha prosesa pekee huumbuka hapo. Mwingine ni jina 7010: kuna OptiPlex 7010 ya 2012 inayotumia DDR3, na Dell walilirudisha jina hilohilo mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa zinazotumia DDR4 au DDR5 kutegemea toleo. Nazo prosesa za Intel kizazi cha 12 hadi cha 14 hukubali DDR4 au DDR5, na mtengenezaji wa mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ndiye aliyechagua.

Njia ya uhakika ni kufungua na kusoma stika ya RAM iliyomo ndani. Kama hutaki kufungua, kwenye Task Manager, sehemu ya Memory, utaona kasi, umbo, na sloti (nafasi za kuchomekea RAM) zinazotumika, kwa mfano 1 kati ya 2. Wenye Linux waandike sudo dmidecode -t memory. Wenye Dell wana njia nyingine: ile namba ya Service Tag iliyobandikwa kwenye boksi, ukiiingiza kwenye tovuti ya Dell utaona mashine ilitoka kiwandani na nini.

Hayo maandishi kwenye stika ya RAM yanasemaje?

Chukua mfano wa RAM fupi ya Samsung iliyoandikwa 8GB 1Rx8 PC4-2400T-SA1-11. 8GB ni ujazo. 1R inasema chipu zimepangwa safu moja ya kielektroniki, na x8 ni upana wa kila chipu. PC4 ni DDR4. Ingekuwa PC3, ni DDR3. PC5, ni DDR5. 2400 ni kasi. Herufi S baada ya kistari inakwambia ni SO-DIMM, ile fupi. Ukiona U hapo ni RAM ndefu ya desktopu, na R ni ya seva.

DDR3 imeandikwa kwa mtindo wa zamani, kwa mfano 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. Ile 12800 si kasi ya megahezi bali ni megabaiti kwa sekunde. Igawe kwa 8 upate 1600. Kwa hiyo PC3-10600 ni 1333 na PC3-12800 ni 1600. Baadhi ya stika za DDR4 nazo hutumia mtindo huu: PC4-19200 ni 2400, PC4-21300 ni 2666, PC4-25600 ni 3200.

Herufi L kwenye PC3L usiipuuze. PC3 ya kawaida hutumia volti 1.5, PC3L hutumia 1.35. RAM ya L inaweza kufanya kazi kwenye mashine ya 1.5, lakini mashine iliyoundwa kwa ajili ya L ukiiwekea ya 1.5 inaweza isiwake kabisa. Ukiwa dukani na hujui, chukua L.

Piga picha stika hiyo kwa simu, karibu, isomeke. Picha hiyo inamaliza maneno yote dukani.

Nichukue moja ya 16GB au mbili za 8GB?

Mbili za 8GB, kama sloti ziko mbili. Prosesa huzisoma RAM mbili kwa njia mbili sambamba, na mashine hizi ndogo hazina kadi ya picha ya peke yake: picha za kwenye kioo zinachorwa na prosesa kwa kutumia RAM hiyohiyo. Ndiyo maana tofauti huonekana zaidi kwenye video na michezo kuliko kwenye kuchapa barua.

Moja ya 16GB ina maana kama unapanga kufika 32GB baadaye na mashine ni ya DDR4. Kwa mashine za DDR3 za kizazi cha 4, sahau: prosesa zake haziitambui RAM moja ya 16GB, hata ukiipata.

Ninayo ya 4GB ndani. Naweza kuongeza ya 8GB bila kuitoa?

Ndiyo, na ni njia nzuri ya kubana matumizi. Utapata 12GB. Mashine za Intel zitasoma 4 na 4 kwa njia mbili sambamba, na 4 zinazobaki kwa njia moja. Kampuni tofauti pia hukaa pamoja mara nyingi, Samsung na Hynix, Micron na Kingston. Kinachotokea ni kwamba zote hutembea kwa kasi ya ile ya taratibu.

Kwa sababu hiyohiyo, RAM ya 3200 ukiiweka kwenye mashine inayoishia 2400 itafanya kazi, kwa 2400. Hakuna ulichoharibu wala ulichofaidi. Ikiwa 3200 inauzwa bei sawa, ichukue, utahama nayo.

RAM iliyotoka kwenye laptopu inaingia?

Inaingia kwenye Micro, Mini na Tiny, ilimradi kizazi na volti vifanane. Ni kitu kilekile. Laptopu yako iliyokufa kioo au mazabodi huenda ina RAM nzima kabisa ndani, kwa hiyo ifungue kabla hujatoa hela.

Nimeona RAM ndefu za DDR3 na DDR4 kwa bei ya kutupa. Kuna nini?

Kuna mambo mawili, na yote nayaona mara kwa mara.

La kwanza ni RAM za seva. Zikishatolewa kwenye seva kubwa huuzwa kwa wingi na kwa bei ndogo, na kwa macho zinafanana na za desktopu. Hesabu chipu nyeusi za upande mmoja: ya kawaida huwa na 8 au 4, ya seva mara nyingi ina 9 au zaidi, na kwenye stika kuna R badala ya U. Kwenye OptiPlex au EliteDesk yako mashine haitawaka.

La pili ni zile DDR3 zinazouzwa kama "za AMD". Ni RAM za kweli, lakini chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo mashine za Intel haziisomi. Muuzaji mwingine anajua na anakaa kimya, mwingine hajui. Muulize waziwazi: inafanya kazi kwenye Intel? Akisitasita, tafuta duka lingine.

Bila kuijaribu hapohapo dukani, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

RAM iliyotumika ni salama kununua?

Mimi huinunua bila wasiwasi kuliko diski iliyotumika. RAM haina kitu kinachozunguka, na haichoki kwa kuandikwa kama SSD. Ikiwa nzima leo, ina uwezekano mkubwa wa kuendelea kuwa nzima.

Masharti yangu ni haya. Iwashwe mbele yako. Programu ya CPU-Z, ambayo ni ya bure, ifunguliwe kwenye ukurasa wake wa SPD, uone kama mtengenezaji, ujazo na kasi vinalingana na stika. Stika hubandikwa na mtu, taarifa za SPD ziko ndani ya RAM yenyewe. Mkubaliane siku za kurudisha, yaandikwe kwenye risiti. Ukifika nyumbani, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uwashe mashine kupitia flashi hiyo, uiache ikimbie usiku. Kosa hata moja jekundu, irudishe. Asiyetaka flashi aandike mdsched.exe kwenye Run (bonyeza Windows na R); kipimo hicho cha Windows ni kifupi na hukosa baadhi ya hitilafu, lakini kinashinda kutopima.

Mbona bei imepanda kuliko niliyoambiwa mwaka jana?

Si duka lako peke yake. Sehemu kubwa ya chipu za RAM duniani inatengenezwa na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na kuelekea mwisho wa 2025 bei zilipaa kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye kumbukumbu za seva za akili unde, ambako ndiko kuna pesa. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yao ya RAM na SSD, kwa wateja wa kawaida, jina ambalo mafundi wengi tulilizoea. Kwa sasa, RAM iliyotumika na ile ya kuchomoa kwenye laptopu mbovu ina thamani zaidi, kwa hiyo usimpe mtu bure.

Naweza kuifunga mwenyewe?

Unaweza. Zima kompyuta kwa Shut down, si Sleep. Chomoa adapta ukutani na nyaya zote. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Watu huiruka hatua hii wakidhani ni ushirikina.

Laza mashine mezani, si kwenye zulia wala kitandani. Gusa chuma cha boksi lenyewe kabla hujagusa chochote cha ndani. Dar na Tanga unyevu wa hewa unakusaidia. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa kavu, ukivua sweta unasikia cheche, na cheche kama hiyo inaweza kuua chipu bila wewe kuona.

Dell Micro huwa na skrubu moja kubwa nyuma. Ilegeze, sukuma kifuniko, kinyanyuke. Ndani kuna kibebeo cha diski, na kwenye baadhi yake feni, vinavyokaa juu ya RAM, kwa hiyo vitoe kwanza na ukumbuke waya wa feni ulichomekwa wapi. EliteDesk Mini nayo feni mara nyingi ndiyo inayoziba. Lenovo M710q na M720q Tiny zimeweka RAM upande wa chini: watu hufungua juu, hawaioni, wakadhani imeunganishwa kwenye bodi. Geuza boksi.

Kutoa RAM fupi, achanisha vile vibanio viwili vya chuma vya pembeni kwa kucha za vidole gumba. RAM itanyanyuka yenyewe na kusimama mshazari. Ivute polepole ukishika kingo, usiguse meno ya dhahabu. Ya kuweka, linganisha pengo lake na kidude cha kwenye sloti, iingize mshazari ule ule, sukuma mpaka dhahabu ibaki inaonekana kidogo sana, halafu ilaze chini mpaka vibanio vilie "tak" pande zote mbili. Mlio wa upande mmoja maana yake bado.

RAM ndefu ya kwenye SFF husimama wima: fungua vibanio, bonyeza kichwa chake kwa vidole gumba viwili, nguvu sawa pande zote. Inataka nguvu zaidi kidogo kuliko unavyotegemea.

Usifunge skrubu zote kabla hujawasha na kuona imekubali.

Nimeweka RAM mpya. Taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo cheusi. Nimeua mashine?

Karibu kila mara, hapana. Kwanza subiri. Baada ya RAM kubadilika, mashine hujipima upya, na za DDR5 hasa zinaweza kukaa kwenye kioo cheusi kwa dakika moja au zaidi mara ya kwanza. Watu huogopa, huzima katikati, na huanza upya.

Ikipita dakika kadhaa, zima, chomoa, toa RAM zote, uweke ile ya zamani peke yake. Ikiwaka, mashine ni nzima. Sasa weka mpya peke yake, kwenye sloti ileile. Isipowaka, ihamishie sloti ya pili. Ikiwaka kwenye moja na kugoma kwenye nyingine, sloti ndiyo yenye shida, au ina vumbi. Isipowaka popote, RAM si yake au ni mbovu. Na ikiwaka peke yake lakini ikagoma ikiwa na mwenzake, hazipatani. Tafuta mbili zinazofanana.

Meno ya dhahabu yakiwa na weusi, yasugue taratibu kwa ufutio mweupe laini, pangusa chembe zake zote, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti safi, ile isopropili, na uache ikauke. Kwa mashine zilizokaa jirani na bahari hii peke yake hurudisha nyingi zilizodhaniwa zimekufa.

Sikiliza na uangalie ishara pia. HP nyingi za zamani hulia mara 5 zikikosa RAM. Dell humeta taa ya kuwashia kwa rangi ya machungwa kwa mpangilio fulani. Hesabu mimeto, kisha utafute maana yake kwa modeli yako hasa, kwa sababu mpangilio hubadilika kutoka modeli hadi modeli.

Ikitokea ujumbe kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, hiyo si hitilafu. Mashine inakusalimia. Bonyeza F1 uendelee.

Nimeweka 8GB lakini Windows inaniambia 3.4GB tu ndizo zinazotumika.

Windows yako ni ya biti 32. Bofya Settings, System, About uone. Windows ya biti 32 haivuki 4GB hata ukiweka 16, na sehemu ya hizo 4 huchukuliwa na vifaa vingine. Dawa ni kupiga Windows upya ya biti 64, na kama ile uliyonayo ina leseni halali, leseni hiyo inakubali zote mbili ikiwa toleo ni lilelile. Hamisha mafaili yako kwanza.

Ikiwa tayari ni biti 64 na bado pengo ni kubwa, andika msconfig kwenye Run, ingia Boot, Advanced options, na uone kama kuna mtu aliyetia tiki kwenye Maximum memory. Itoe. Isiposaidia, chomoa RAM na uzichomeke upya. Pengo dogo, kama 7.9 kati ya 8, ni la kawaida, kipande hicho kimetengwa kwa ajili ya picha za kwenye kioo.

Na Mac mini?

Angalia mwaka. Za 2011 na 2012 zina kifuniko cha chini unachozungusha kwa mkono, RAM fupi za DDR3, hadi 16GB. Ya 2014 imeunganishwa kwenye bodi, huongezi kitu. Ya 2018 inatumia DDR4 za 2666 hadi 64GB, lakini lazima bodi nzima itolewe, kwa hiyo mpe fundi mzoefu. Kuanzia ya M1 ya Novemba 2020, kumbukumbu iko pamoja na prosesa yenyewe. Ukinunua ya 8GB utakufa nayo ya 8GB.

Na vile viboksi vipya vya Kichina vyenye prosesa ya Intel N100?

N100 inasoma RAM kwa njia moja tu na Intel wanatangaza mwisho wa 16GB. Baadhi ya viboksi vina sloti moja ya SO-DIMM, ya DDR4 au ya DDR5, kwa hiyo kuongeza ni kutoa iliyopo na kuweka kubwa zaidi. Vingine RAM imeunganishwa kwenye bodi. Kwa picha ya nje havitofautiani, uliza kabla ya kulipa.

Nibadilishe na adapta?

Hapana. RAM hula wati chache tu.

Nikiongeza RAM, nitaweza kuweka Windows 11?

RAM sio kizuizi. Windows 11 inataka 4GB tu kwenye karatasi; kinachowakwamisha wengi ni TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mwenye 3020 Micro ya kizazi cha 4 asitumbukize pesa nyingi humo: 8GB za kuokoteza, SSD ndogo, Linux Mint, na mashine itachapa kazi za steshenari vizuri tu. Pesa ya 16GB mpya iweke pembeni kwa ajili ya mashine ya kizazi cha 8.

Ile RAM ya zamani niliyotoa niifanyie nini?

Iweke kwenye ule mfuko wa kijivu uliojia mpya, uandike juu ni ya mashine gani. Itakufaa siku mpya ikileta shida na unataka kujua mbovu ni nani. Ukimpelekea fundi kazi, mkubaliane mwanzoni kwamba ya zamani unaondoka nayo, au aihesabu kwenye bei. Usipoitaja, itabaki kwenye droo yake, na kwa bei za sasa hivi hawezi kukukumbusha.